Chuma ndani ya nanotyubu: wa kompyuta wasibezwe

Kuna ubishi umezuka baina ya walimu wa fizikia huku kwetu, Unguja na Pemba. Kijana mmoja wa Tunguu anataka utafiti wake wa masta aufanye wote kwenye kompyuta, apige hesabu nanotyubu ya kaboni, yaani kijibomba chembamba mno cha atomu za kaboni, ikitiwa atomu za chuma, kobalti au nikeli inapata usumaku kiasi gani. Mwalimu mmoja mkongwe wa Wete kamkata kauli, hiyo si sayansi, sayansi lete kitu tukishike tukipime.

Mzee ana hoja na mfano anao. 2001 jarida la Nature lilitoa habari za kaboni isotiwa metali yoyote lakini ina usumaku, tena unadumu mpaka joto la kelvini 500 hivi (kama selsiasi 227), watu wakashangiria, 2006 makala ikafutwa kwa sababu sampuli zilionekana zina uchafu wa chuma. Ndo anasema, ikiwa waliopima kwa mikono yao wamekosea, huyo anobofya kibodi je?

Mie hapo ndo namuona mzee kageuza mambo, maana mfano wake unamtetea kijana. Kosa lilitokea maabara si kwenye kompyuta, na kwa nanotyubu hatari ni kubwa zaidi, kwani hizi za ukuta mmoja, yaani tabaka moja tu la kaboni, tokea zilipopatikana 1993 zilipatikana kwa kichocheo cha chuma kwa kundi moja na kobalti kwa jengine, na mpaka leo nyingi zinaoteshwa kwa metali hizo hizo. Unaziosha kwa asidi lakini haitoki yote, chembe nyengine zimeshafungwa ndani ya ganda la kaboni na asidi haizifikii. Sasa weye utie chuma chako juu ya chuma kilichokuwemo, upime, useme usumaku huu ni wangu, si sawa na kutia kijiko cha chumvi kwenye kisima cha pwani ukaonja ukasema chumvi hii nimetia mie? Kwenye hesabu ukiweka atomu moja, imo moja basi.

Na hesabu hizo zinasema jambo ambalo kwa kukisia tu hulipati. Atomu ya chuma ikiwa peke yake ina magnetoni za Bohr 4 (ndo kipimo cha usumaku wa atomu) za spini, yaani usumaku wa elektroni zenyewe, kobalti 3, nikeli 2. Ndani ya kipande cha metali yenyewe zinashuka, 2.2, 1.7 na 0.6. Haya, zibandike juu ya nanotyubu, hesabu nyingi zinaonesha chuma na kobalti zinabaki na usumaku wa kutosha, nikeli inakaribia sufuri kabisa! Nikeli ile ile ambayo sumaku inaivuta mbele ya macho yako. Sababu ni kuwa tabaka lake la elektroni liitwalo 3d lina elektroni 8 na nafasi ni 10, ikigusana na kaboni zile mbili za tabaka jengine, 4s, zinashukia huko, 3d inajaa, kila elektroni ina mwenzake, hamna ilobaki pekee ya kuleta usumaku. Hilo mtu wa maabara alijue kabla hajamaliza pesa kununua nikeli.

Ila kijana nae asivimbe kichwa. Atomu halisi hazitulii pale ulipozipanga, zinatembea zikaganda mafungu, chuma kikikutana na hewa kinaingia kutu, na ukibadilisha njia ya kukadiria elektroni na namba nazo zinaweza kubadilika. Na atomu kuwa na usumaku si tyubu kuwa sumaku ya kudumu, mstari mmoja wa atomu zinazosikilizana na jirani tu hauwezi kushika mpangilio mrefu kukiwa na joto lolote. Akiandika "sumaku mpya" kwenye kichwa cha tasnifu, mzee amkatalie na nitamuunga mkono.

Lakini kumkataza asianze, hapana. Mashine ya SQUID ya kupimia usumaku mdogo hivyo kwa kawaida inataka gesi ya heliamu ilopozwa ikawa maji, kelvini 4.2 (kama selsiasi 269 chini ya sufuri), na hiyo ni gharama isokwisha, wakati programu ya hizi hesabu ipo ya bure na anachohitaji ni kompyuta yenye nguvu na umeme usiokatika usiku.