Baton Rouge: kabla hujauliza kodi, uliza maji yalifika wapi

Huu mwaka wa saba naishi Baton Rouge, jimbo la Louisiana huku Marekani, nimeshahama nyumba nne, na kila ikifika Mei simu yangu inaanza kuita, mara mdogo wake fulani kapata nafasi LSU, chuo kikuu cha jimbo, mara kuna binti wa Morogoro kapata ufadhili Southern University, na wote swali ni lilelile, kaka vyumba vya karibu na chuo shilingi ngapi. Nawaelewa kabisa, hela ni hela, hasa kama inatoka kwa wazazi. Lakini mi siku hizi bei siianzi nayo. Naanza na maji.

Mtu akisikia mji uko kando ya Mississippi anaogopa Mississippi. Na kwakweli ukiuona unaogopesha, mto mpana, maji rangi ya chai ya maziwa, meli za baharini zinapanda zinakuja mpaka hapa. Ila kati ya mto na chuo kuna tuta refu la udongo lililopandwa majani, jioni watu wanakimbia juu yake na wengine wanaendesha baiskeli, na lile tuta sio pambo. Mei 2011 mto ulipanda ukafika futi 45, wakati futi 35 tu tayari inahesabika mafuriko, wakafungua milango ya kupunguzia maji ya mto ya Morganza huko juu ya mji maji mengine yakaelekezwa bonde la Atchafalaya, na mji ukapona.

Maji yaliyoumiza watu wa hapa yalikuja kwa mgongoni. Agosti 2016 ilinyesha mvua siku kama tatu mfululizo, wala haikuwa kimbunga chenye jina, mvua tu imeganda juu ya watu haiondoki, kuna sehemu zilipata zaidi ya inchi 20, na vile vimito vya upande wa mashariki, Amite na Comite, vikashindwa. Pale Denham Springs Amite ulifika futi 46, haujawahi, rekodi ya nyuma ilikuwa ya 1983. Watu 13 walikufa Louisiana na maelfu kwa maelfu ya nyumba zikaingia maji, nyingi kwenye mitaa ambayo ramani ya mafuriko ilisema haina shida, kwa hiyo wenyewe hawakuwa na bima ya mafuriko. Mtu wa Dar hili halihitaji maelezo marefu, sisi tunaijua Jangwani, tunajua bahari haijawahi kutufanya vile mto Msimbazi unavyotufanya.

Sasa ndo uelewe kwanini nasema usikodi kwa picha. Nyumba iliyoingia maji wanachofanya ni kukata ukuta wa jipsamu futi nne kutoka chini, wanakausha, wanaweka jipsamu mpya, rangi, sakafu mpya, halafu tangazo linasema imekarabatiwa upya. Kama ilikaushwa vizuri hamna tatizo, nimekaa humo mwenyewe na watoto wangu wako salama. Kama haikukaushwa, na hali ya hewa ya hapa ilivyo na unyevu, utaanza kusikia harufu ya fangasi mwezi wa pili, unafuta ukutani inarudi, unafuta inarudi. Rumeti wangu wa kwanza alikuwa na pumu, tulikaa miezi mitano tunamwandikia mwenye nyumba anatuma mtu na chupa ya dawa ya kufutia, hadi jamaa akalazwa. Mwenye nyumba ule mwezi kodi yake alichukua kama kawaida. Sijasahau.

Kwa hiyo ukifika fungua kabati la chini ya sinki, unusa. Angalia ukuta chini ya dirisha kama rangi ni tofauti na ya juu. Angalia AC ina umri gani maana bila AC huku Julai na Agosti hukai. Na bima ya mpangaji wanayokulazimisha ununue haigusi mafuriko hata senti, wengi wanadhani inagusa, ya mafuriko ni bima nyingine kabisa ipo kwenye mpango wa serikali ya Marekani, hata mpangaji anaruhusiwa kukatia vitu vyake vya ndani mpaka dola 100,000, na kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, sio unakata leo mawingu yameshafunga.

Halafu mkataba. Ile barabara ya Nicholson na Burbank imejaa majengo ya wanafunzi yanayokodisha kwa kitanda. Yaani mnakaa wanne, kila mtu na mkataba wake, mwenzako akikimbia deni lake sio lako, hapo ni pazuri, mi napasifia. Ubaya wake ni kwamba mkataba unaisha mwisho wa Julai na mpya unaanza katikati ya Agosti, hizo wiki mbili wewe na mabegi yako mtajua pa kwenda. Mgeni asiye na sosho, ile namba ya utambulisho ya Marekani, wala historia ya mikopo wanamtaka mdhamini wa Marekani, au alipe miezi kadhaa mbele. Sisi wa Bongo kulipa miezi sita kwa mkupuo tumezoea, lakini ukilipa huku hakikisha iko kwenye karatasi, sio maneno ya ofisini.

Sheria za Louisiana hazimpendelei sana mpangaji, nasema hivi kwa uchungu maana nimeona. Notisi ya kuondoka ni siku tano tu, na mikataba mingi ina kamstari kadogo kanakosema umekubali hata hizo siku tano usipewe. Kasome kamstari hako kabla ya saini. Dipoziti sheria inamtaka mwenye nyumba airudishe ndani ya mwezi mmoja au akuandikie alichokata na kwanini, lakini wewe lazima umwachie anwani unakohamia, watu wanarudi zao Nairobi bila kuacha anwani alafu wanalalamika.

Kitu kingine ni usafiri, na hiki kinaniuma zaidi. Usiende kukodi mbali kisa bei kama huna gari. Basi zipo ila unaweza kusubiri mpaka ukate tamaa, na mabasi ya chuo yanakupeleka kwenye mitaa ya wanafunzi tu. Huu ndo mji ambao Juni 1953 watu weusi waligomea mabasi kwa siku kadhaa wakiongozwa na mchungaji T. J. Jemison, wakajipangia lifti za bure kwa magari yao, miaka miwili kabla ya ule mgomo maarufu wa mabasi wa Montgomery. Mji wenye historia ya namna hiyo mama wa kaskazini kule mtaa wa Scotlandville hakutakiwa leo kupoteza nusu siku kufuata mboga.

Pamoja na yote mi sihami. Jumamosi ya mechi ya futiboli ya Kimarekani uwanja wa LSU unaingiza watu zaidi ya 102,000, ukikaa karibu kelele zinaingia hadi jikoni. Majirani wanakugongea na sufuria ya kamba wa mtoni waliochemshwa na pilipili hawajui hata jina lako.

Mwaka jana nilimpeleka yule binti wa Morogoro kuona nyumba upande wa mashariki, nzuri, bei nzuri, sakafu inang'aa, dalali anasema hapa maji hayajawahi kufika. Tukavuka barabara, kibarazani kwa jirani kulikuwa na bibi mmoja amekaa, tukamwamkia, nikamuuliza taratibu, samahani mama, 2016 hapa ilikuwaje. Hakusema kitu kwanza. Alisimama, akashika ukuta wa nyumba yake, akaweka kiganja usawa wa kiuno.

Binti akanitazama, tukarudi kwenye gari.