Hospitali inayokataa kontena si hospitali isiyo na shukrani

Katika hospitali za Moshi na Arusha, ambako wapanda mlima huja na masanduku ya dawa na kalamu, na makontena ya vifaa tiba hufika kupitia makanisa na vyama vya wahisani, mganga mfawidhi anayeuliza maswali mengi kabla ya kupokea msaada huonekana mtu mgumu. Wahisani huudhika, na wenyeji wenzake humwambia kwamba anayepewa hachagui. Lawama hiyo haimtendei haki.

Hoja ya wanaotaka kila kitu kipokelewe ina uzito wake. Mama aliyefika kujifungua usiku hawezi kusubiri bajeti ya mwaka ujao, na mashine iliyokwisha kutumika Ulaya ni afadhali kuliko chumba kitupu. Ipo pia misaada iliyoleta nafuu kubwa. Dawa ya trakoma, ugonjwa wa macho, ambayo kampuni ya Pfizer imekuwa ikiitoa bure tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipata, imewakinga wengi na upofu. Lakini dawa ile ilikuja ndani ya mpango wa Serikali, ugonjwa ukiwa unajulikana uko wapi na wagawaji wakiwa wamefundishwa, yaani maswali yaliulizwa kwanza.

Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa vya hospitali katika nchi 16, zilizoandikwa kati ya 1986 na 2010, wakaona kwamba asilimia 38.3 ya vifaa hivyo havifanyi kazi. Takwimu hii hutajwa mara nyingi kana kwamba imethibitisha kuwa vya bure ni takataka, na hapo huonewa, kwa sababu orodha za hospitali huhesabu vyote, vya kununua na vya kupewa. Uzito wake uko kwenye sababu walizozitaja: ukosefu wa mafunzo, usimamizi hafifu wa vifaa na miundombinu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoondolewa na kontena jipya, na kila moja inaweza kuulizwa kabla meli haijang'oa nanga. Je, mashine inatumia umeme gani? Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutegemea volti 120 na hezi 60, yaani mkondo wake hugeuka mara 60 kwa sekunde, na sisi tuna volti 230 na hezi 50. Transfoma itashusha volti, lakini hezi zitabaki zilivyo. Vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, vinauzwa na nani, na kwa bei gani kila mwezi? Fundi wa kuitengeneza yuko wapi? Chuo cha Ufundi Arusha hufundisha mafundi wa vifaa tiba, lakini hata fundi hodari hawezi kufufua mashine ambayo vipuri vyake vimeacha kutengenezwa. Muomba chumvi huombea chungu chake, na anayekijua chungu cha hospitali ni yule anayeiendesha.

Kupokea tu nako kuna gharama. Kuna kutoa mzigo bandarini Dar es Salaam, usafiri hadi huku, ghala, na mwishowe uteketezaji. Bosnia, wakati wa vita vya 1992 hadi 1995 na baada yake, ilirundikiwa takriban tani 17,000 za dawa zisizofaa. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaotaka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na iwe ile iliyoombwa.

Kwa shule hali ni ileile, ingawa haiui mtu: vitabu vya Kiingereza vya mtaala wa kigeni, vikiletwa katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, hukaa kabatini, ilhali madaftari na kalamu vimejaa madukani mjini Moshi na pesa ileile ingevinunua hapahapa.

Kwa nini basi hospitali hukubali hata kisichofaa? Mara nyingi ni hofu, kwa kuwa mhisani huyohuyo ndiye aliyeahidi tanki la maji au paa la wodi. Ndiyo maana kumwachia mganga mfawidhi mmoja kazi ya kukataa ni kumwonea. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa na idara za afya za dayosisi zingeweza kuwa na orodha moja ya mahitaji na maswali, na barua ya kukataa ikatoka huko kwa niaba ya vituo vyote.