Tatizo sio nguo jamani, ni vyoo

Hapo mnaposema mtu wa kawaida akitaka kusaidia waathirika wa mafuriko aanze kukusanya nguo, mi napinga, labda wale wa Katesh Desemba 2023 walioshukiwa na tope la Mlima Hanang, kule baridi na watu walitoka mikono mitupu. Huku Kigoma Ziwa Tanganyika lilipopanda 2024 maji yaliingia taratibu, watu wa Katonga na Kibirizi waliwahi kuhamisha magodoro ila choo huwezi kukihamisha, kikizama uchafu wote unaingia ziwani na maji ya kunywa wengine wanachota humohumo, sasa gunia la mitumba la nini? Leteni dawa ya kutibu maji, ndoo zenye mifuniko, sabuni, mkaa wa kuchemshia, maana Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, 2015 tuliona kipindupindu kilivyowapiga wakimbizi wa Burundi kabla meli ya MV Liemba haijawaleta Kigoma mjini. Mwenye chumba cha ziada aipe familia moja ikae kwa muda, na hela mtumie unayemjua direkti, ikipita mikono mingi mnajua wenyewe inavyofika. Walioko Ujiji, waliohamia mtaani kwenu walipokelewa bure au mliwatoza kodi?