Gershwin yuko kwenye karatasi, Mbaraka yuko masikioni

Kila nikipita uwanja wa ndege wa O'Hare hapa Chicago, kwenye ile njia ya chini kwa chini yenye mataa ya rangi, nakutana na muziki uleule: Rhapsody in Blue wa George Gershwin, mtunzi Mmarekani aliyechanganya jazz na okestra. Shirika la ndege la United wanautumia tangu miaka ya 1980. Ulipigwa mara ya kwanza New York, tarehe 12 Februari 1924, na hadi leo haujawachosha watu.

Niliwahi kumwambia mwenzangu kazini kwamba mimi nimekulia kwenye jazz. Akashangaa. Kwetu Morogoro jazz ni bendi, magitaa na tarumbeta, watu wakicheza hadi alfajiri: Morogoro Jazz ya mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Nuta Jazz. Ya Wamarekani ni habari nyingine.

Sasa binti yangu anapiga klarineti katika bendi ya shule. Juzi kaja na nota za Rhapsody, ule mwanzo ambapo sauti inapanda kwa kuteleza kama king'ora. Gershwin aliandika nota zinazopandana moja moja. Mpiga klarineti Ross Gorman akaziunganisha mazoezini kwa utani, Gershwin mwenyewe akapenda, ikabaki hivyo. Utani wa 1924 unamtoa jasho mtoto wa Kiluguru!

Watu husema Wazungu wanathamini vya kale kuliko sisi. Nakataa. Zilipendwa zikipigwa nyumbani, watu wazima wanaacha kuku mezani wanainuka. Huku nilikwenda ukumbini kuusikiliza huo muziki, nikagongagonga mguu kidogo tu, mama wa kiti cha mbele akanigeukia kwa jicho kali. Mapenzi tunayo sisi. Wenzetu wana karatasi za nota. Mpangaji muziki Ferde Grofé aliipangia vyombo vyote bendi ya Paul Whiteman, iliyoupiga mara ya kwanza, baadaye akaupanga upya kwa okestra kubwa, toleo lililochapishwa 1942. Gershwin alifariki 1937 akiwa na miaka 38, kazi ikaendelea bila yeye.

Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, miaka 34 tu. Gitaa lake tunalijua kwa kichwa, lakini binti alipoomba nota apige tamasha la shule, nilitafuta wiki nzima nikakosa. Nikampa simu na spika. Tangu Jumamosi yuko chumbani, anarudisha nyuma sekunde tano tano, penseli mkononi, na mimi huku jikoni nashindwa kukaa.