Printa nzima, simu nzima, lakini haziongei

Game Boy Printer ya 1998, printa ndogo ya kifaa cha michezo cha Game Boy, ukiiwekea betri zake sita na karatasi ya joto, bado inachapa bila tone la wino. Tatizo ni emuleta za kwenye simu, yaani programu zinazoiga Game Boy ili ucheze michezo yake. Unabonyeza kuchapa, picha inaishia kuwa faili, na printa yenyewe iko mezani imewashwa! Tundu la Game Boy la kuunganishia printa hupitisha data biti moja moja, kama biti 8,192 kwa sekunde. Kwa simu ya leo hiyo si kazi kabisa. Ila plagi haiingii kwenye USB-C, na hata ukipata adapta yenye chipu ya kutafsiri katikati, unapekua mipangilio yote ya emuleta huoni pa kuichagua.

Boktai, mchezo wa 2003 wa Game Boy Advance, ndiyo inaniumiza zaidi. Katriji yake ina kihisi mwanga, unatoka nje ucheze juani. Simu nyingi zina kihisi mwanga chao, tena juu ya kioo hapo hapo, halafu emuleta nyingi zinakuletea kitelezi cha kusogeza jua kwa kidole. Jamani, kihisi kipo! Kiunganisheni.