Tecno na Infinix baba yao mmoja, sasa mwapigania nini?

Juzi pale baraza la kahawa Kibokoni vijana wawili nusra wamwagiane vikombe, mmoja ashika Tecno mwengine Infinix, kila mtu ati yangu ndo simu ile yako ni kopo. Mimi natafuna kashata yangu nikawaambia hizo zote mbili, na itel juu yake, ni za Transsion, kampuni moja tu ya kule Shenzhen, China. Wakaacha kugombana wakanigeukia mimi!

Sasa rahisi kusema ni matangazo yamewalevya, lakini si kweli yote. Transsion walituletea laini mbili wakati watu tulikuwa twachomoa laini hii twatia ile mchana kutwa, betri ya kukaa, na kamera inayomtoa mtu mweusi sura yake sio meno na macho tu. Mtu akikujali hivyo huwezi kumsahau. Halafu kuhama kuna gharama zake, ushazoea menyu, fundi wa Mwembe Tayari ashaijua simu yako na spea anazo, na wale wa iPhone picha zao zote za harusi ziko iCloud, ghala la mtandaoni la Apple, watoke waende wapi. Hapo simlaumu mtu, hiyo ni hesabu.

Ila kuna pahali hesabu yakoma. Beshte yangu ana simu ya bei, ya nani sisemi manake atanikoma, kava kanunua lile lenye tundu nyuma ili nembo ionekane, na ikifika adhuhuri chaji ishakata, atembea na pawabenki nzito kuliko simu yenyewe. Jaribu kuisema sasa! Mimi naona hatetei kampuni, atetea zile pesa zake, akikubali ina kasoro ni kama akubali yeye ndo kapigwa. Mwaka 2017 Apple walikiri wenyewe kwamba wanazipunguza kasi iPhone za zamani, wakasema ni kwa sababu ya betri kuchoka, na kuna wateja waliowatetea kama mawakili waliolipwa.

Na ukali wote huu haudumu bwana. Nokia si tuliiapia? Mulika mwizi ilikuwa kila mfuko, leo utaiona kwa muuza kahawa na rababendi.

Wale wawili nao, kelele zilipoisha wa Tecno chaji ikamwishia. Akaomba chaja ya mwenzake, ikaingia.