Mwani wa Mita 268

Jumatatu niliingia kwenye lifti ya ofisi na mfuko wa mwani mkavu, zawadi ya shangazi yangu wa Kibuyuni. Kabla hatujafika ghorofa ya tatu, mwenzangu mmoja akaziba pua. "Bwana, takataka za ufuoni zimekuja kutafuta nini Nairobi?"

Unanuka, sikatai. Ila asubuhi hiyo alipiga mswaki, na dawa nyingi za meno hushikanishwa na karaginani, inayotolewa kwenye huo huo mwani. Hilo nilimsamehe. Kilichonichoma ni alichoongeza akitoka: "Kwani mwani una nini kipya?"

Una nini kipya! Chukua KICC, lile jumba refu la mikutano la Nairobi, ipandishe KICC nyingine juu yake, halafu ongeza nusu ya KICC na kidogo. Shuka baharini umbali huo, mita 268, karibu na kisiwa cha San Salvador kule Bahamas. Mwaka 1985 wanasayansi walitangaza kwamba walishuka kwa nyambizi ndogo wakakuta mwani wa zambarau umegandamana na mwamba kama ukoko wa wali, uko hai! Mwanga wa jua ukiugawa mafungu 200,000, kule hufika fungu moja. Mimi taa ya ngazi ikizima tu nashika ukuta.

Na Hawaii je? Mwaka 2016 mwani wa kijani wa vilindini ulitangazwa kuwa spishi mpya 4, zikapewa majina ya Kihawaii. Kwa macho ni kama ule mwani mwembamba unaoteleza chini ya miguu bamvua likipwa huku kwetu. DNA ndiyo iliyoutenga.

Mbele ya pwani yetu kuna kisiwa cha Pemba cha Tanzania, na kati yake na bara maji yana kina cha mamia ya mita. Mpiga mbizi wa mitungi ya kawaida huishia mita 40. Haya, nyambizi ni ghali, na nchi ina madeni. Lakini KICC hiyo hiyo iliandaa mkutano wa dunia wa uchumi wa samawati, yaani wa bahari na maziwa, mwaka 2018, na tangu hapo hotuba hazijaisha. Kamera ya kuteremshwa kwa kamba nayo imetushinda?

Jioni nikampigia shangazi, nikamweleza habari ya ule wa zambarau. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu. Na huo kilo wanaununua pesa ngapi?"